Feni ya umeme katika gari kuukuu: Faida zake na mambo ya kuzingatia kabla ya kuifunga

MSONGAMANO wa magari ni adui mkubwa wa injini ya gari la zamani. Gari hilo laweza kusafiri kutoka Nairobi hadi Nakuru bila tatizo lolote, lakini likikwama nusu saa katika foleni ya jioni, mshale wa kipimo cha joto huanza kupanda na hatimaye mvuke kufuka chini ya boneti.

Hali hii ndiyo huwafanya wamiliki wa Peugeot 504, Toyota Corolla za DX, Datsun na Land Rover za kale kuwaendea mafundi na kuomba wafungiwe feni ya umeme badala ya ile inayozungushwa na mkanda wa injini.

Ni mabadiliko yanayoweza kulipa gari kuukuu uhai mpya. Hata hivyo, yakifanywa kiholela, huweza kumwachia mwenye gari gasketi iliyoungua, silinda hedi iliyopinda au nyaya zilizoyeyuka. Kwa mtu anayetegemea pikapu yake kufikisha mboga sokoni, hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya feni yenyewe.

Kwa nini gari huchemka foleni

Injini ya petroli hutumia takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuliendesha gari. Sehemu kubwa ya nishati inayosalia hugeuka joto, ambalo baadhi yake hutoka kwa ekzosi na jingine kuchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini hadi kwenye rejeta.

Rejeta nayo huyapoza maji hayo kwa msaada wa hewa inayopita katikati ya mapezi yake. Gari linapokwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa na zaidi, upepo wa mwendo hutosha kwa kazi hiyo, na feni huwa haina haja sana.

Mambo hugeuka gari linaposimama. Upepo wa mwendo hutoweka, na feni ndiyo tegemeo la pekee. Feni ya mkanda huzunguka kwa kufuata mwendo wa injini. Hivyo basi, wakati ambapo gari limesimama na injini inanguruma polepole, ndipo feni nayo huzunguka polepole zaidi. Kwa maneno mengine, feni hiyo huwa dhaifu wakati inapohitajika mno, na huwa na nguvu nyingi barabarani wakati haihitajiki.

Isitoshe, nguvu inayotumiwa na feni hupanda kwa haraka kuliko mwendo wake. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika huongezeka mara nane. Ndiyo sababu feni ya mkanda isiyoweza kujiachia hupiga kelele na kula mafuta gari linapokimbia katika barabara kuu.

Feni ya umeme haifuati mwendo wa injini. Huwaka maji yanapofikia joto lililowekwa, huzunguka kwa nguvu ile ile hata gari likiwa limesimama, kisha hujizima.

Wazo la tangu zamani

Wazo la kuitenganisha feni na mwendo wa injini si geni. Peugeot 404 na 504 nyingi zilikuja na feni iliyofungwa kwa sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, sumaku iliishika feni ikazunguka pamoja na puli, na yakipoa, ikaiachia. Utaratibu huo ulipoharibika, mafundi wengi waliikaza feni kwa bolti ili izunguke wakati wote.

Feni ya umeme kamili ilienea zaidi watengenezaji walipoanza kuilaza injini kwa ubavu katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Kwa mpangilio huo, puli za injini hutazama upande wa gurudumu badala ya kutazama rejeta, na kuzungusha feni kwa mkanda huwa kazi ngumu. Mfano unaojulikana sana humu nchini ni Toyota Corolla, ambayo miundo yake mingi ilihamia magurudumu ya mbele mwaka wa 1983.

Tangu wakati huo, feni za umeme zilizotumika zimekuwa zikipatikana kwa wingi katika maduka ya vipuri. Hizo ndizo mafundi huzichukua na kuzifunga katika magari ya kale.

Chunguza kiini cha maradhi kwanza

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuifunga feni mpya ili kuficha ugonjwa wa zamani. Feni huongeza hewa pekee. Haiwezi kuzibua rejeta iliyoziba kwa kutu, wala kuponya gasketi inayovujisha gesi ya injini ndani ya maji.

Dalili husaidia kutofautisha. Gari linalochemka foleni pekee, kisha likapoa linaposhika kasi, lina upungufu wa hewa na huenda likafaidika na feni ya umeme. Lakini gari linalochemka likiwa katika mwendo wa kasi kwenye barabara tambarare lina tatizo jingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, mpira wa maji unaojikunyata kwa ndani, au gasketi mbovu. Kulifungia gari kama hilo feni ni kupaka rangi nyumba yenye ufa.

Jambo la pili ni thamostati. Imekuwa desturi ya mafundi wengi kuing'oa na kuitupa gari linapochemka. Bila thamostati, injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, hunywa mafuta zaidi, na vipuri vyake vya ndani huchakaa mapema. Aidha, feni ya umeme huhitaji thamostati ili maji yabaki katika kiwango cha joto kinachoeleweka. Iliyoondolewa irudishwe kabla ya kazi kuanza.

Tatu ni maji yenyewe. Maji matupu ya bomba au ya kisima, hasa yale ya chumvichumvi, huacha magadi na kutu ndani ya mirija ya rejeta. Rejeta isafishwe, kisha itiwe mchanganyiko wa maji safi na dawa ya kuzuia kutu inayouzwa kwa ajili ya magari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kifuniko cha rejeta na milima yetu

Kipuri kidogo kinachosahauliwa ni kifuniko cha rejeta. Kazi yake si kuzuia maji kumwagika tu, bali pia kuyaweka chini ya shinikizo ili yasichemke mapema.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa madereva wa nyanda za juu. Mjini Mombasa, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Kule Limuru, kiwango hicho hushuka zaidi.

Kifuniko kizima chenye shinikizo la 0.9 bar huyawezesha maji ya rejeta jijini Nairobi kustahimili hadi takriban nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Lakini mpira wa kifuniko ukipasuka au springi yake ikilegea, kinga hiyo hupotea yote.

Hapo ndipo hatari hujificha. Swichi nyingi za feni zinazouzwa madukani huwaka maji yakifikia nyuzi 95. Gari lenye kifuniko kibovu na swichi kama hiyo linaweza kuchemsha maji jijini Nairobi kabla feni haijaanza kuzunguka. Mwenye gari atailaumu feni, ilhali kosa ni la kifuniko.

Hesabu ya umeme

Feni ya mkanda haikuhitaji umeme wowote. Feni ya umeme inayofaa injini ya wastani hutumia takriban ampea 10 hadi 20, na inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya kiasi hicho kwa muda mfupi.

Magari mengi ya miaka ya 1970 yalitoka kiwandani na altaneta ya ampea 35 hadi 45. Kiasi hicho hupatikana injini inapozunguka kwa kasi. Injini ikinguruma polepole, altaneta huenda ikatoa nusu yake tu.

Chukulia gari lililokwama foleni jioni ya mvua. Mfumo wa kuwasha petroli unatumia takriban ampea 4, taa kubwa 10, taa ndogo na za dashibodi 3, waipa 4, na feni 15. Jumla ni ampea 36. Ikiwa altaneta inatoa ampea 20, pengo la ampea 16 hujazwa na betri. Kwa saa moja ya foleni, betri ya ampea 45 kwa saa hupoteza zaidi ya theluthi moja ya akiba yake. Dereva akizima injini kidogo, huenda asiweze kuiwasha tena.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari lenye altaneta ndogo anashauriwa kubadilisha altaneta kwanza na kuweka ya ampea 55 au zaidi. Magari ya kale zaidi yanayotumia dainamo hayafai kufungiwa feni ya umeme kabla ya kubadilishwa mfumo huo, kwani dainamo haitoi karibu chochote injini inaponguruma polepole.

Tahadhari nyingine inahusu baadhi ya magari ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ambayo bodi yake imeunganishwa na upande wa chanya wa betri. Katika magari hayo, fundi akiunganisha feni kwa mazoea, itazunguka kinyume.

Kuchagua na kuifunga feni

Feni iwe kubwa kadiri rejeta inavyoruhusu. Mahali pazuri pa kuiweka ni nyuma ya rejeta, upande wa injini, ikivuta hewa kupitia kwenye mapezi. Feni inayowekwa mbele ya rejeta ikisukuma hewa hufanya kazi pia, lakini huziba sehemu ya upepo wa mwendo gari linapokimbia. Ichaguliwe tu pale nafasi ya nyuma inapokosekana.

Kabla ya kununua, nafasi kati ya rejeta na ncha ya pampu ya maji ipimwe vyema. Ikumbukwe kwamba injini hutikisika na kusonga mbele kidogo gari linapofunga breki ghafla, hivyo pengo la kutosha lazima libaki.

Kava inayozunguka feni ni muhimu kama feni yenyewe. Bila kava, feni hupoza duara lililo mbele yake pekee, na pembe za rejeta hubaki na moto. Anayenunua feni iliyotumika aichukue pamoja na kava yake.

Fundi asikubaliwe kuifunga feni kwa vijiti vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Njia hiyo ni ya haraka, lakini mtikisiko wa barabara zetu huvifanya vijiti hivyo kusugua mirija hadi ikatoboka. Feni ishikwe kwa vyuma vilivyofungwa kwenye fremu ya rejeta au kwenye bodi.

Wakati wa kuiondoa feni ya zamani, bolti zake ziangaliwe. Katika magari mengi, bolti hizo hizo ndizo huishika puli ya pampu ya maji. Feni ikishatoka, bolti huwa ndefu kupita kiasi na puli hulegea hata zikikazwa mpaka mwisho. Zinunuliwe fupi zaidi zenye hesi ile ile. Mkanda nao usiondolewe, kwa kuwa bado unazungusha pampu ya maji na altaneta.

Swichi ya joto

Swichi inayoiamrisha feni lazima ilingane na thamostati. Ikiwa thamostati huanza kufunguka kwa nyuzi 82, swichi ya kuwasha feni kati ya nyuzi 88 na 92 na kuizima takriban nyuzi tano chini yake inafaa. Swichi ikizima chini ya joto la thamostati, feni huenda isipumzike kamwe.

Mahali pa swichi pia pana maana. Maji yanayoingia juu ya rejeta ni moto kuliko yale yanayotoka chini baada ya kupozwa. Swichi inayowekwa chini inahitaji kuwaka kwa nyuzi pungufu kuliko inayowekwa juu.

Zipo swichi zenye waya wa kuhisi joto unaopenyezwa katikati ya mpira wa maji na mdomo wa rejeta. Ni rahisi kufunga, ila maji huvuja mara kwa mara mahali hapo. Njia imara zaidi ni kuchomelea kwenye tangi la rejeta ya shaba tundu lenye hesi, au kuukata mpira wa juu na kuweka kipande cha bomba la chuma chenye tundu la swichi.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba swichi lazima izame ndani ya maji. Maji yakivuja hadi swichi ikabaki hewani, haitahisi joto ipasavyo, na feni itanyamaza injini ikiungua.

Kuunganisha nyaya

Feni isiunganishwe moja kwa moja na swichi ya ufunguo wala swichi ya dashibodi. Vifaa hivyo havikuundwa kupitisha umeme mwingi hivyo, na huyeyuka. Kazi hiyo ni ya rilei, ambayo hutumia umeme kidogo kuruhusu umeme mwingi upite.

Rilei ya kawaida ya ampea 30 au 40 ina miguu minne yenye nambari. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka kwa betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 huupeleka kwa feni. Mguu wa 86 hupata umeme ufunguo unapowashwa, na mguu wa 85 huenda kwa swichi ya joto, ambayo huukamilisha mzunguko kwa kuugusisha na bodi.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote, na ukichubuka na kugusa bodi, huweza kuwasha moto. Kwa feni ya ampea 15 hadi 20, fyuzi ya ampea 30 na nyaya za unene wa milimita mraba 4 zinatosha. Waya wa hasi wa feni nao uwe mnene vivyo hivyo, na ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu.

Ni busara pia kuongeza vitu viwili vya bei nafuu ndani ya gari: swichi ndogo ya kuiwasha rilei kwa mkono endapo swichi ya joto itakufa, na taa ndogo ya kuonyesha kwamba feni inapokea umeme.

Kuijaribu

Kazi ikikamilika, jaribio la kwanza ni la karatasi. Feni ikizunguka, karatasi ikisogezwa mbele ya rejeta inapaswa kuvutwa na kunata. Ikisukumwa mbali, feni inazunguka kinyume. Hapo si nyaya tu za kuangaliwa, bali pia iwapo mapanga yamefungwa upande unaofaa.

Kisha gari liachwe likinguruma mahali pamoja hadi feni iwake yenyewe, ipoze maji, na kujizima. Mzunguko huo urudiwe mara tatu au nne. Feni isiyojizima kabisa ni ishara kwamba ni ndogo mno, swichi haifai, au rejeta imeziba.

Mwisho, taa kubwa ziwashwe huku feni ikizunguka, na voltheji ya betri ipimwe. Ikiwa kati ya volti 13 na 14.4, altaneta inamudu mzigo. Ikishuka chini ya volti 12.6, betri inaliwa, na safari ya foleni itaishia kwa kusukuma gari.

Wasiofaa kubadilisha

Si kila gari linalohitaji mabadiliko haya. Pikapu na Land Rover zinazobeba mizigo mizito kupanda miinuko kama ule wa Mai Mahiu hadi Limuru hufanya kazi ngumu kwa muda mrefu katika mwendo wa polepole. Feni kubwa ya mkanda yenye klachi ya mafuta mazito, ikiwa nzima na ina kava yake, huvuta hewa nyingi kuliko feni nyingi ndogo za umeme. Kwa gari kama hilo, kununua klachi nyingine huenda kukawa uamuzi bora.

Wenye Volkswagen za kobe wao hawana la kuamua, kwa kuwa injini zao hupozwa kwa hewa na hazina rejeta.

Kwa gari dogo la mjini ambalo rejeta yake ni safi, thamostati yake ipo, kifuniko chake ni kizima na altaneta yake ina nguvu, feni ya umeme ni msaada wa kweli. Ikishafungwa, dereva aizoee sauti yake na kuisikiliza kila wiki. Siku ambayo haisikiki katika foleni ilhali mshale unapanda, azime injini kando ya barabara na kuiacha ipoe kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo chini ya shinikizo hurukia uso na mikono, na majeraha yake huchukua muda mrefu kupona.